Nyumba Njema si Mlango: Makao Salama ya Wazee Wetu Katika Baridi ya Nakuru

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na tangu siku hizo watu wa pwani hawajaacha kupanda bara. Wako waliokwenda kwa kazi ya reli, wako waliofuata biashara, na wako waliopelekwa na ualimu au ndoa. Ndiyo maana leo ziko familia nyingi ambazo mizizi yao iko Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu au Malindi, na matawi yao yako Bondeni mjini Nakuru, yako Njoro, Gilgil na Molo.

Katika familia hizo huzuka swali moja ambalo halikwepeki: mzazi amezeeka, akae wapi? Mmoja amezeekea huko huko Nakuru, miongoni mwa jirani aliowazoea, naye hataki kuhamishwa. Mwingine amebaki peke yake pwani, na watoto wanataka kumchukua ili wamtazame kwa karibu. Hapo ndugu hukutana wakapangana: nani atampikia, nani atampeleka kliniki, nani atalipa dawa. Ni wachache wanaofikiria kuijadili nyumba yenyewe. Nasi twaona kwamba hapo ndipo penye kasoro. Mara nyingi kinachomnyima mzee uhuru wake nyumbani si umri wake. Ni kizingiti kirefu, ni kigae chenye maji, ni chumba kisicho na dari, ni choo asichoweza kuinuka. Vitu hivyo vyote vina dawa, na nyingi katika dawa hizo si ghali.

Baridi ya bara si kipupwe cha pwani

Sisi wa pwani tukisema kipupwe twakusudia miezi ya upepo wa kusi, ambapo mtu hujitanda leso akalala vizuri. Mombasa usiku wake wa baridi hauteremki sana chini ya nyuzi 20. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa Julai usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mara nyingine zaidi. Anayepanda kwenda Njoro hupita mita 2,100, na Molo hukaribia mita 2,500, ambako asubuhi ya Julai si ya mzaha hata kwa kijana.

Mwili wa mzee hauipokei baridi kama ule wa kijana. Damu yake huzunguka polepole zaidi, nyama zinazozalisha joto zimepungua, na hisia ya baridi yenyewe hudhoofika, hata akawa amepoa bila kujua. Baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Hukaza viungo, na mguu uliokaza hauinuki vizuri kuvuka kizingiti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba katika nchi zenye msimu wa baridi joto la ndani ya nyumba lisipungue nyuzi 18, na kwamba wazee huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Shirika hilo hilo lakadiria kuwa watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Basi baridi na kuanguka si mambo mawili yaliyotengana: la kwanza humwandalia mzee la pili.

Tena tukumbuke kuwa nyumba tulizozirithi pwani zilijengwa kwa nia iliyo kinyume. Kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha yanayotazamana na ua ulio wazi vyote vilikusudiwa kulifukuza joto na kuukaribisha upepo. Bara twahitaji nyumba inayolikamata joto la mchana na kulihifadhi hadi alfajiri. Anayejenga au kukarabati Nakuru kwa mazoea ya Mombasa atamjengea mzazi wake friji.

Safari fupi ya alfajiri

Ikiwa familia ina nguvu ya kufanya jambo moja tu, basi na iifuate njia ya mzee wakati wa alfajiri: kutoka kitandani, kupita ukumbini, kuingia msalani, kutawadha, na kurudi kwenye msala. Huenda njia yote isizidi hatua 20. Lakini ni saa ya baridi kuliko zote, kuna giza, mzee ametoka usingizini, na mwisho wa njia kuna maji sakafuni.

Tuanze na kitanda. Mzee aketipo ukingoni, nyayo zake zapasa kukanyaga sakafu sawasawa, na hilo huwezekana kikiwa na kimo cha kama sentimita 45 hadi 50, godoro likiwemo. Vitanda vyetu vya samadari ni fahari, lakini vingi viko juu mno. Kabla ya kukiondoa kitanda ambacho mama alifungiwa harusi, jaribuni godoro jembamba zaidi. Ikibidi seremala apunguze miguu yake, na iwe kwa ridhaa ya mwenyewe. Mzoesheni mzee kuketi ukingoni kwa dakika moja kabla ya kusimama, kwa sababu shinikizo la damu huweza kushuka ghafula mtu ainukapo, akapatwa na kizunguzungu. Na taa iwe mahali mkono unapofika, pamoja na taa ndogo ya kuchaji, maana umeme haupigi hodi ukiondoka.

Njiani, ondoeni kila kinachoteleza na kila kinachokwaza. Mkeka juu ya vigae huteleza kama kigari. Busati lililokunjika pembe humnasa mtu kidole. Nyaya za televisheni zipitishwe ukutani. Kizingiti kisicho na kazi kisawazishwe kwa saruji. Hata mavazi yatazamwe: leso na kanzu zilizozidi urefu hukanyagwa, na mitalawanda, ingawa ni ukumbusho mtamu wa nyumba zetu, haifai kwenye kigae kilicholowa. Viatu vyepesi vya mpira vyenye kushika kisigino ni salama kuliko champali.

Kisha msalani, ambako ndiko kwenye hatari kubwa. Choo cha kuchuchumaa humshinda mwenye magoti mabovu. Palipo na uwezo, fundi bomba aweke choo cha kukalia chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50. Pasipo na uwezo, fundi wa kuchomelea aweza kutengeneza kiti cha chuma chenye tundu na mikono miwili, kikasimamishwa juu ya choo kilichopo, miguu yake ikavishwa mipira. Maji ya kujisafishia yawe karibu, mzee asilazimike kugeuka au kuinama kuyafikia.

Ukutani pawekwe vyuma vya kushikilia, kimoja kando ya choo na kingine mahali pa kuogea, kwa kimo cha kama sentimita 85 hadi 95 kutoka sakafuni. Twasisitiza jambo hili: chuma cha kutundikia taulo si chuma cha kushikilia. Chuma cha kushikilia ni lazima kibebe uzito wote wa mtu anayeanguka, hivyo misumari yake ya kukazia ipenye hadi ndani ya jiwe la ukuta, isiishie kwenye kigae na lipu. Fundi akimaliza, kijana mzito kuliko wote nyumbani akining'inie. Kikitikisika, kazi irudiwe.

Mlango wa msalani ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, mzee akianguka nyuma yake, mwili wake huuzuia, na wanaotaka kumwokoa hubaki nje wakisukuma. Na kwa kuwa wazee wetu ni watu wa staha, wasiopenda kuacha mlango wazi, tafuteni kitasa kinachofungwa ndani lakini chaweza kufunguliwa nje kwa sarafu au kisu.

Sasa kutawadha. Ni wangapi kati yetu tumemwona mzee akiinua mguu mmoja hadi kwenye sinki la kunawia uso ili auoshe, amesimama kwa mguu mwingine juu ya kigae chenye maji? Hapo ndipo nyonga nyingi zingeweza kuokolewa. Dawa ni mfereji wa chini, sentimita kama 60 hadi 70 kutoka sakafuni, mbele yake kiti imara chenye mgongo, na sakafu iliyochongwa mteremko mdogo ili maji yaondoke upesi. Pasipo mfereji wa chini, kiti, beseni na birika vyatosha. Maji yawe vuguvugu, wala hakuna ubaya kuyapasha kwa ajili ya udhu. Na wenye miguu inayoumizwa na baridi wamwulize imamu wao kuhusu soksi za ngozi, ambazo wanavyuoni huziita khuffu. Anayezivaa akiwa na udhu kamili aweza, kwa masharti yake, kuzipangusa kwa maji badala ya kuosha miguu, muda wa mchana na usiku wake kwa asiyekuwa safarini. Rukhsa hiyo ni rehema hasa kwa mzee wa Molo.

Mwisho wa njia ni msala. Uwekwe juu ya zulia lisiloteleza, kando yake kiti kisicho na magurudumu. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali amelala ubavu. Mzee asione haya kwa hilo, wala sisi tusimwonyeshe kwamba amepungukiwa.

Jiko la makaa halilali chumbani

Twaandika sehemu hii kwa uzito. Katika miezi ya baridi, familia nyingi za Bonde la Ufa huingiza jiko la makaa ndani ili kupasha chumba, na wengine huziba kwa magazeti yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Makaa yakiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, na hutoka hata pale makaa yanapoonekana mekundu safi yasiyo na moshi. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito, na aliyelala tayari huenda asipate dalili yoyote ya kumwamsha. Mzee mwenye moyo dhaifu hushindwa upesi zaidi.

Basi kanuni ni moja, nayo haina nafuu: jiko la makaa lisilale chumbani, wala lisipitishwe chumbani kwa muda wa kupasha huku mlango umefungwa. Matundu ya hewa yasizibwe katika chumba chochote kinachowashwa moto, uwe wa makaa, wa kuni au wa gesi. Nyumba za zamani zenye meko ya ukutani zina bahati, ila bomba la moshi lisafishwe kabla ya msimu wa baridi. Mtu akikutwa katika dalili hizo, kwanza atolewe nje kwenye hewa, kisha apelekwe hospitali bila kungojea kupambazuke.

Hita ya umeme ni salama zaidi kwa upande wa gesi hiyo, lakini isimame mbali na mapazia na shuka, na ichomekwe moja kwa moja ukutani, isichangie waya wa kuongezea na birika la umeme. Chupa ya mpira ya maji ya moto ni rafiki mwema, ila ifungwe kitambaa, na iondolewe mzee anapolala. Wenye kisukari cha miaka mingi hupoteza hisia za miguu, wakaungua bila kusikia. Na shawa ya umeme ifungwe na fundi mwenye leseni, iwe na waya wa ardhini. Palipo na tangi la maji moto, joto lake lisizidi nyuzi 49 au 50, kwa sababu ngozi ya mzee huungua haraka.

Kulihifadhi joto alilotupa jua

Joto la bure la Nakuru ni jua, na tatizo letu ni kuliacha litoroke usiku. Mlango wake mkubwa wa kutorokea ni paa. Bati lisilo na dari hupoa mara jua linapozama, na asubuhi hudondosha matone juu ya kitanda. Ikiwa pesa zatosha kazi moja kubwa tu, iwe ni dari ya chumba cha mzee, ya mbao au ya jipsamu. Baada ya hapo hufuata mambo madogo: pazia zito linalofika sakafuni, kitambaa kilichojazwa pamba chini ya mlango, zulia lililotandikwa ukuta kwa ukuta lisiloteleza, na kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta wa nje na dirisha.

Pia chagueni chumba kwa kulitazama jua. Nakuru iko karibu mno na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo. Katika miezi ya Juni na Julai, ambayo ni ya baridi, jua hupita upande wa kaskazini. Kwa hivyo chumba chenye dirisha la mashariki hupata joto mapema asubuhi, na chenye dirisha la kaskazini hupata jua la adhuhuri. Na ni neema kwamba kibla kwa mtu wa Nakuru ni kaskazini, kikielekea kidogo mashariki. Mzee anayesali mbele ya dirisha la upande huo husalia juani. Mara nyingi chumba hicho kizuri ndicho tulichokifanya sebule ya wageni, na mzee tukampa kile cha nyuma, chenye kivuli mchana kutwa. Kuvibadilisha hakugharimu chochote ila jioni moja ya kubeba viti.

Palipo na ngazi mlangoni, tengenezeni mteremko. Kwa kila sentimita moja ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 yahitaji mteremko wa sentimita 180, uliokwaruzwa juu ili usiteleze kwenye mvua. Mlango wenye upana wa sentimita 80 hupitisha kiti cha magurudumu. Na wanaopanga ghorofani watafute ya chini mapema, kabla ya siku ambayo mzee atakuwa akibebwa.

Nani alipe, na nani aulizwe

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Mpango wa Inua Jamii, ambao mwaka 2018 ulipanuliwa kuwafikia wazee wa miaka 70 na kuendelea, hutoa Sh2,000 kwa mwezi. Mzee ambaye amepata ulemavu aweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu au fimbo ya kutembelea. Huko England, halmashauri hutoa ruzuku ya hadi pauni 30,000 kukarabati nyumba ya mwenye ulemavu, na jamaa zetu walioko huko wanaijua. Kwetu bado mfuko mkubwa ni familia. Basi ndugu wachange kwa mpango: mmoja alipe dari, mwingine msalani, na asiye na pesa atoe mikono yake. Nyonga iliyovunjika itawagharimu zaidi ya vyote hivyo, na itamgharimu mzee kutembea kwake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini kabla ya fundi kuitwa, mzee aulizwe. Suratul Israa, katika aya ya 23, imetukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa nao, na kuipindua nyumba ya mtu bila kumshauri ni maneno makubwa kuliko hilo. Wazee wengi hukataa vyuma vya ukutani kwa sababu huviona kama tangazo la udhaifu. Tusishindane nao. Tuviweke kwa ajili ya nyumba nzima, kwa wajawazito na wageni pia, nasi tuwe wa kwanza kuvishika. Mzee aseme ni wapi huogopa kukanyaga, ni saa ngapi husikia baridi zaidi, ni kitu gani hataki kiguswe. Huenda akatuonyesha hatari tusiyoijua kwa miaka 30 ya kuingia humo.

Wahenga pia walituachia neno kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wiki hii, kabla ya Julai kutukuta, twawaomba wasomaji wetu wenye wazee Nakuru na viunga vyake wafanye kazi moja. Waamke kabla ya adhana ya alfajiri, wazime taa, wavae viatu vya mzee, waipite njia yake kutoka kitandani hadi kwenye udhu na kurudi. Watakapojikwaa, hapo ndipo pa kuanzia kazi, na fundi aitwe siku hiyo hiyo.